Uji Mzito wa Yasinta

Wadogo zangu wa ofisini, ninyi ndio mlionitaka niandike. Mlisema siku ile ya kuniaga, soda mkononi, kwamba Mama Uji asiondoke na mambo yake yote kichwani. Haya, naandika, ila msije mkalalamika. Nimefundisha watu kupika unga wa mahindi kwa miaka thelathini na kitu, na yapo mambo ya unga wa mahindi ambayo hadi leo sijayaelewa, wala sidhani nitayaelewa kabla Mungu hajaniita. Anayetaka busara iliyopangwa kwa namba akasome ule mwongozo uliopo kabatini, chini ya mafaili. Panya walianza kuusoma kabla yenu.

Vyeo sitavieleza. Nilipanda mara mbili, na mara moja kati ya hizo nadhani walikosea jina.

Nilizaliwa Bisibo, upande wa Biharamulo, kwa wazazi waliohama Shinyanga na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Kwetu chakula ni ugali, vingine vyote ni vya kupoza njaa. Mtu anaweza kushinda anakula viazi, ndizi na karanga, jioni ukimuuliza atakuambia leo sijala. Mama yangu alikuwa anasonga ugali wa watu kumi na wawili kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na kwa wiki nzima mboga yetu ilikuwa maziwa mgando au nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa juani. Nilikua nikiamini kwamba dunia nzima inakula hivyo, na wasiokula hivyo hawajapata nafasi tu.

Basi nikaajiriwa bibi maendeleo, nikapangiwa Ngara, kata moja karibu na Rulenge. Somo langu la kwanza lilikuwa mapishi ya gharama nafuu. Walikuja akina mama kama ishirini, wamekaa kwenye nyasi, watoto mgongoni. Nikawasha moto, nikasonga ugali wa dona, nikaunga mchicha kwa karanga zilizotwangwa. Jasho lilinitoka kwelikweli, maana nilitaka waone mtoto wa Kisukuma anavyosonga. Wakala kidogo kidogo, kwa adabu. Wakanawa mikono, wakashukuru. Kisha wakakaa. Nami nikakaa. Tukatazamana. Mwishowe bibi mmoja akaniuliza kwa upole sana, "Mwalimu, na chakula kinaiva saa ngapi?"

Jamani! Kumbe kwao chakula ni ndizi na maharage. Ugali wa mahindi walikuwa wanaujua, ndiyo, ila ni kitu cha watoto wa bweni na cha miaka ya shida. Mimi nimewapikia shida, tena nimewasongea kwa mbwembwe. Nilirudi chumbani kwangu sijui nicheke au niombe uhamisho.

Aliyeniokoa ni Mama Anastazia. Huyu alikuwa bibi maendeleo wa zamani, Mhangaza wa hapohapo, amebakiza miaka michache astaafu. Mfupi, mkali, na kwenye mkoba wake hakukosa chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, maana alisema nyumba isiyo na chumvi ina aibu ya kuomba. Alinipokea mikononi mwake bila mtu kumwambia. Utani wake haukuwa na likizo. "Ninyi Wasukuma," alikuwa akisema, "mnasonga ugali kama mnasimamisha ukuta." Nami namjibu, "Na ninyi mnachemsha ndizi mpaka zinaomba msamaha." Tukicheka, tunabeba sufuria, twende kijiji kingine.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hufundishi watu chakula chao, unajengea juu ya chakula walicho nacho. Kama wana ndizi, uji wa mahindi uwe wa mtoto asubuhi, ndizi zibaki mahali pake. Kama wana muhogo, changanya unga wa muhogo na dona, mahindi yanadumu na ugali unalainika. Alinifundisha kufunika sufuria kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, kuni zinapungua, na wala mfuniko haununuliwi. Alinikataza sembe. "Sembe ni mahindi yaliyovuliwa nguo na kunyang'anywa akili," alisema. Saga dona, pumba ibaki ndani, shibe inakaa.

Na uji. Sikilizeni vizuri uji, maana ndio uliofanya niitwe Mama Uji. Unga unakorogwa na maji baridi kwanza, pembeni, kwenye bakuli, mpaka hakuna mabonge. Halafu unamiminwa kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, mkono usisimame. Uache uchemke vya kutosha, uji mbichi unaumiza tumbo la mtoto. Ukikaribia kuiva, tia karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini, au dagaa waliosagwa kama wapo, au maziwa. Kisha inua kijiko. Uji ukitiririka kama maji, umempikia mtoto maji. Uji wa mtoto ukae kijikoni, ufikirie kidogo, ndipo udondoke. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, ukilijaza maji hakuna nafasi ya kitu kingine. Hayo niliyasema kwenye kila kitongoji, kila zahanati, nje ya kila kanisa, mpaka nikawa nayasema usingizini.

Mambo mengine yalinishinda palepale. Niliporudishwa Biharamulo kwa miaka michache, nilifundisha ukoko. Ukoko wa ugali ukiubandua, ukauloweka na kuuchemsha na maziwa kidogo, ni kifungua kinywa kizuri, na unga hautupwi. Mama mmoja akafanya hivyo. Mumewe akanishtaki kwa mtendaji wa kijiji, eti namfundisha mkewe kumlisha mabaki. Niliitwa, nikakemewa, nikaomba radhi. Msimu uliofuata bwana yuleyule akanisimamisha njiani, ananung'unika kwamba mbona siku hizi sifundishi tena ukoko, mkewe amesahau vipimo. Sijawahi kumwelewa. Mama Anastazia, nilipomsimulia, alisema nisijaribu kuelewa wanaume, nijaribu kuelewa moto.

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe. Mnaweza kuliruka hili mkitaka, lakini ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Mama Anastazia alikuwa ameshastaafu, nami nimerudi Ngara, mzoefu, sauti imekuwa nzito, najiamini kupita kiasi. Eneo langu lilifika Kibimba. Siku ya kliniki akaja binti mmoja anaitwa Yasinta, ameolewa na kijana anayeitwa Evodi, mkulima mpole sana, wa maneno matatu kwa siku. Mtoto wao wa kwanza, Leonsi, alikuwa na mwaka na miezi minne. Tukamning'iniza kwenye mizani na ile kaptula yake ya kupimia, tukamzungushia mkanda mkononi. Mkanda ukasoma njano. Njano maana yake mtoto anaanza kupungukiwa. Ikiwa nyekundu, ni hatari ya kufa.

Aliongozana na mama mkwe wake, Bibi Stefania, ambaye ndiye aliyembeba mtoto. Mwanamke msafi, mkanda wa kitenge kiunoni, na mapenzi yake kwa mtoto yalikuwa ya kuonekana kwa macho. Mtoto alikuwa amepewa jina la marehemu babu yake, kwa hiyo bibi alikuwa anamwita "mume wangu", na akitaka kumnyamazisha anamwambia, "Mzee, tulia, wageni wanatuangalia." Watu walicheka pale kliniki. Mimi pia nilicheka.

Nikamuuliza Yasinta, "Unampa nini mtoto?"

"Uji, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Na ndizi jioni."

"Uji wa namna gani?"

"Ule uliotufundisha. Mzito. Wa karanga."

Nikaona huyu ameshika somo kwa maneno tu. Nikarudia somo zima pale pale, kijiko juu, kijiko chini. Akaitikia, "Ndiyo, mama," akainamisha macho. Wakaenda.

Mwezi uliofuata mtoto alikuwa amepungua. Nikafunga safari mpaka kwao. Nyumba nzuri, kiwanja kimefagiliwa, migomba nyuma, ghala la mahindi limejaa. Nilimwamkia Bibi Stefania, "Shikamoo, mama," akaitika, "Marahaba, mwanangu, karibu," akanipa kigoda, naye akakaa karibu yangu akimpakata mtoto. Nikamuuliza Yasinta maswali yaleyale, akanijibu majibu yaleyale. Nikasema, haya, pika nione.

Akapika. Wadogo zangu, uji ule ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alikoroga unga pembeni, hakuna bonge hata moja. Karanga alizitwanga mbele yangu mpaka zikatoa mafuta. Aliinua kijiko bila kuambiwa, uji ukakaa, ukafikiri, ukadondoka. Akaumimina kwenye bakuli la mtoto, Bibi Stefania akalipokea kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani na mtoto wake. Baada ya muda akatoka, bakuli jeupe, limekwisha. Mtoto amejilamba midomo.

Nilichanganyikiwa, sisemi uongo. Uji upo, ni mzito, mtoto ameumaliza, na mtoto anakonda. Nikaaga, na kesho yake nikawapeleka zahanati. Wakapima malaria, hakuna. Minyoo, wakampa dawa. Kifua, safi. Daktari akanitazama kama vile mimi ndiye ninayeficha kitu. "Ni chakula, mama," akasema. "Chakula ameshakula, nimeona kwa macho yangu," nikasema. "Basi sijui," akasema. Tukabaki wawili wasiojua.

Mara ya tatu nilienda asubuhi bila taarifa, nikajificha kidogo nyuma ya migomba kama polisi. Aibu hii naiandika kwa sababu ni kweli. Nikakuta uji mzito uko motoni. Mbuzi ananishangaa, mimi namshangaa mbuzi. Nikatoka mafichoni, nikasalimia, nikauliza, nikajibiwa. Mkanda ulikuwa unakaribia nyekundu. Nilirudi nyumbani nikapika uji wangu mwenyewe, nikaunywa wote, nikasubiri nione kama kuna kitu. Hakukuwa na kitu, nilishiba tu.

Sasa mtu mwenye akili asipoelewa jambo hufanya nini? Anatafuta wa kumlaumu. Nikaanza kujiambia, huyu binti anapika vizuri nikiwepo, nikiondoka anapika maji. Labda unga anaupeleka kwao. Labda ni mvivu, anavyonyamaza vile. Na kunyamaza kwake kulinikera, Mungu anisamehe. Kila nikimuuliza, anatazama chini, "Ndiyo, mama," "Ndiyo, mama." Nikaona ni ukimya wa mtu mwenye hatia.

Mara ya nne nilikuta wote wapo, Evodi, mama yake, na Yasinta amepiga magoti anapepeta mahindi. Nikamuuliza kwa mara ya mwisho, "Yasinta, mtoto anakula nini mimi nisipokuwepo?" Akasema, "Uji, mama. Huohuo." Nikasimama, nikasema mbele ya mumewe na mama mkwe wake, "Wewe ni mwongo. Mtoto huyu anakufa na wewe unanidanganya."

Yasinta hakulia. Aliweka ungo chini taratibu, mahindi yasimwagike. Bibi Stefania akasema, "Aka! Mwanangu, usiseme hivyo," lakini Evodi alikuwa ameshasikia. Mtu wa maneno matatu kwa siku, siku hiyo aliyatumia yote kwa mkupuo: "Rudi kwenu kwanza."

Akarudi kwao, safari ya nusu siku kwa miguu, akamwacha mtoto, kwani mtoto wa ukoo haondoki na mama aliyefukuzwa. Na mimi, wadogo zangu, nilirudi ofisini nikiwa na huzuni lakini nimeridhika kidogo. Nilijiambia, sasa tatizo limeondoka, wiki ijayo mtoto ataanza kunenepa. Niliandika kwenye taarifa: mama hatoi ushirikiano. Taarifa hiyo bado ipo. Mkiiona, ichomeni.

Wiki ilipokwisha nikarudi. Dada yake Evodi ndiye aliyekuwa anapika sasa. Nikamkuta anainua kijiko, uji unafikiri, unadondoka. Nikafurahi. Nikamwita Bibi Stefania amlete mtoto nimzungushie mkanda.

Nyekundu.

Nilizungusha tena. Nikabadili mkono. Nyekundu. Mtoto hakuwa hata na nguvu ya kuukataa mkanda, alinitazama tu kwa macho makubwa, ngozi ya paja imelegea kama ya mzee. Mwongo ameondoka, na uongo umebaki! Nikakaa kwenye kigoda. Bibi Stefania akachukua bakuli kwa mikono miwili, akaingia ndani na mtoto kama kawaida yake.

Kilichoniingiza ndani ni mvua, sio akili. Ilikuja ghafla kutoka upande wa Burundi kama inavyokuja, matone makubwa. Dada akakimbilia mahindi yaliyoanikwa, mimi nikakimbilia mlangoni bila kubisha hodi. Ndani kulikuwa na giza kidogo. Macho yalipozoea nikamwona Bibi Stefania amekaa kwenye mkeka. Mbele yake bakuli la uji. Kando, kibuyu cheusi kilichong'aa kwa kushikwa miaka mingi, na kitambaa cheupe kimetandikwa juu ya mdomo wa kibuyu. Alikuwa anaumimina ule uji, amekwisha kuuzimua kwa maji ya moto, kwenye kitambaa. Maji meupe yanapita. Unga na karanga vinabaki juu. Akakikamua kitambaa, akakikung'uta pembeni, kuku wawili walikuwa wanasubiri, wanene ajabu. Kisha akachukua mrija, ule mrija mrefu wa wazee wa kunywea pombe ya ndizi, akautia kibuyuni, ncha nyingine akampa mtoto.

Na Leonsi akavuta. Amekaa wima kati ya miguu ya bibi yake, mashavu yanabonyea, macho ameyafumba, anavuta kama mwenyekiti wa ukoo.

Sikujua nifanye nini. Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga kelele, machozi yakaanza kutoka. "Mama," nikasema, "unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. Akaniona nimelowa, akanisogezea mkeka. "Hiki ni kibuyu chake," akasema. "Hapa ndipo anaponywea."

"Chake nani?"

"Mzee."

Akanieleza kwa utulivu. Mumewe alipougua koo hakuweza kumeza kitu. Hospitali walimrudisha nyumbani wakasema ni siku tu. Yeye akaanza kumchujia uji na kumpa kwa kibuyu chake na mrija wake. Akaishi mwaka mzima. "Mwaka mzima, mwanangu, wao walisema siku." Mjukuu alipozaliwa akapewa jina, na alipoanza kula akapaliwa na uji mzito wa Yasinta, akakohoa mpaka akabadilika rangi. Bibi akaogopa. Akakumbuka kibuyu. Mzito haupiti kwenye mrija, lazima uuchuje. Na mzee wake hakuwahi kula mbele ya wageni, kwa hiyo na huyu hali mbele ya wageni.

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa desturi ya watu wa pale, au ya nyumba ile, au ya huzuni ya mwanamke mmoja. Nimewauliza Wahangaza wengi, wengine wanacheka, wengine wanasema eh, bibi yangu naye alikuwa na mambo. Ninachojua ni kwamba sikuweza kumkasirikia. Nilitafuta hasira yote, nikaikosa. Alikuwa anampenda mtoto yule mpaka anamuua.

Nikasema kitu ambacho sijui kilitoka wapi, maana mwongozo hauna. Nikamwambia, "Mama, Mzee amepona koo. Tazama meno yake. Sasa anataka kutafuna."

Akamfungua mtoto mdomo kwa kidole, akahesabu meno moja moja. Halafu akautoa mrija kibuyuni, akaukausha kwa khanga yake. "Kumbe nilikuwa nampunja," akasema. "Kumbe nilikuwa nampunja mume wangu." Akalia, wadogo zangu, kilio ambacho sijawahi kukisikia msibani. Dada yake Evodi akaingia mbio akidhani mtoto ameshakata roho.

Mvua ilipopungua Evodi alitupakia kwenye pikipiki ya jirani, mimi na mtoto na bibi, watu wanne juu ya kitu cha wawili, mpaka hospitali. Leonsi alilazwa wiki tatu, akinyweshwa maziwa maalumu, bibi hakutoka kitandani kwake, kijiko mkononi. Mtoto akapata nafuu. Alipoanza kukataa maziwa na kung'ang'ania ndizi ya mgonjwa wa kitanda cha pili, nilijua amerudi. Katika kazi yangu yote sijaona furaha ya kuipita ile ya kupona kwake.

Lakini nilikuwa nimebakiza Yasinta.

Tulienda kumfuata sisi watatu, Evodi, mama yake na mimi. Evodi alibeba jembe jipya na mtungi wa pombe ya ndizi kwa ajili ya baba mkwe, Bibi Stefania akabeba mtoto. Kwao walitupokea kwa adabu baridi. Yasinta alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga mpaka kwenye viwiko, akamwona mtoto, akaangusha mwiko. Bibi Stefania alimkabidhi, kisha akapiga magoti mbele ya mkwewe, jambo ambalo mama mkwe hafanyi, watu wote wakageuza nyuso. Mazungumzo ya wazee yalichukua mchana kutwa. Evodi alisema maneno mengi siku hiyo kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. Jua lilipoanza kushuka, baba yake Yasinta akakubali. Yasinta angerudi kwa mumewe kesho yake.

Nikaaga. Kwa desturi mgeni hasindikizwi na kila mtu, anateuliwa mmoja, na Yasinta akasimama mwenyewe, mtoto mgongoni. Tukashika njia ya kuelekea barabarani. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, nikasema, "Mwanangu, nisamehe. Nilikuita mwongo nawe ulikuwa unasema kweli."

"Nimekusamehe, mama."

"Wewe hukujua kinachofanyika mle ndani."

Akatembea kidogo. "Nilijua," akasema.

Nikasimama. "Ulijua? Na nilikuuliza mara nne!"

"Uliniuliza mara nne," akasema, "na mara zote nne mama amekaa pembeni yako. Ningesemaje? Ningemsema mama mkwe wangu mbele ya mgeni, na yeye bado anamlilia mumewe kwenye kile kibuyu?"

"Lakini ungenifuata hata njiani, Yasinta. Hata njiani!"

"Nilikufuata." Hakuwa na hasira, alisema kama anavyosema habari za mvua. "Ulipokuja mara ya kwanza nyumbani, ulipoaga, niliomba nikusindikize. Nilikubebea sufuria yako mpaka barabarani. Nilifungua mdomo mara mbili. Ulikuwa unanieleza habari za karanga."

Wadogo zangu, siikumbuki safari hiyo. Nimekaa na kichwa hiki, nimekichimba. Naukumbuka uji, nakumbuka kijiko, namkumbuka hata yule mbuzi. Kutembea na binti huyu mpaka barabarani, mzigo wangu kichwani kwake, sikumbuki hata hatua moja.

Sikumjibu. Nikanyamaza, safari hii kwa makusudi, ili aseme chochote alichokuwa nacho. Nilinyamaza njia nzima. Tulipita mashamba ya mahindi, tukavuka kijito, tukapanda mlima, mtoto akasinzia mgongoni mwake. Tukafika barabarani. Akanipa mkono kwa adabu, akashika kiwiko chake kwa mkono wa pili, akageuka kurudi kwao. Hakuwa tena na la kuniambia.